Faili la Mzee Nurdini

Mustapha Nurdini alikuwa anafyatua tofali Nkuhungu, jijini Dodoma. Alifika kazini saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alichanganya mchanga na sementi kwa koleo. Alimwaga maji, akajaza kalibu, akashindilia, akalitoa tofali na kulipanga chini. Kisha akaanza jingine. Jioni vidole vilikuwa vimeliwa na sementi, na sabuni ilipovigusa aliuma meno.

Wenzake walimwita Profesa. Walikuwa wanamtania, kwa sababu walijua ana shahada.

Alisoma historia miaka mitatu katika chuo kikuu. Alihitimu vizuri. Tangu ahitimu ilikuwa imepita miaka miwili, na muda wote huo aliandika barua za kuomba kazi ya ualimu. Wengi hawakumjibu. Waliomjibu walisema neno moja: hukusomea ualimu.

Alikuwa anakaa chumba kimoja na Fabian. Walisoma darasa moja. Fabian alikuwa ameacha hata kuandika barua. Alilala mpaka mchana, akiamka anatazama ukuta.

"Historia kazi yake ni kufundisha tu," Fabian alisema. "Na kufundisha haturuhusiwi. Sisi tumekwisha, kaka."

Mustapha alichukua karatasi, akaanza barua nyingine.

Baba yake, Mzee Nurdini, alikuwa mkulima wa milimani, Kondoa. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Aliuliza, "Wamekupa shule?" Mustapha akajibu, "Bado, baba." Baadaye mzee akaacha kuuliza. Akawa anasalimia tu na kukata simu. Hilo lilimwuma Mustapha kuliko swali lenyewe.

Siku moja mama yake, aliyeitwa Batuli, alimpigia simu akiwa kazini.

"Mwanangu, baba yako mgongo umemkamata. Miguu haina nguvu. Jana ameanguka akienda msalani."

"Tangu lini, mama?"

"Mgongo ni tangu Ramadhani. Alinikataza nisikwambie."

"Mlete Dodoma. Mlete kesho."

Walifika kwa basi siku ya pili, mchana. Mustapha alikwenda kuwapokea stendi. Hakumtambua baba yake mara moja. Mtu aliyezoea kupanda mlima na gunia begani alikuwa ameshikwa huku na huku, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alitazama mikono ya Mustapha, ilivyopasuka.

Walikwenda moja kwa moja hospitali. Daktari aliyewapokea aliitwa Dokta Octavian. Alimpima mzee, akamgonga magoti, akauliza habari za mkojo. Mzee aliona aibu kwa sababu mkewe na mwanawe walikuwa pale. Lakini alijibu.

"Uliwahi kutibiwa hapa, mzee?"

"Niliwahi. Mkojo ulikuwa umeziba. Waliniwekea mpira. Wakanikata kinyama cha ndani, wakasema wanakipeleka kupimwa. Nirudi baada ya mwezi mmoja nichukue majibu."

"Ukarudi?"

"Nilirudi. Wakasema faili halionekani. Nikarudi tena mara ya pili. Wakasema halionekani, nianze upya. Mvua zilikuwa zimekaribia, nikaenda kulima. Mkojo ulikuwa umefunguka. Nikadhani nimepona."

Daktari alimwita Mustapha pembeni.

"Nina wasiwasi na tezi dume ya mzee," alisema. "Ninaogopa ni saratani, na imefika kwenye mifupa ya mgongo. Lakini siwezi kumpa tiba ya saratani kwa kubahatisha. Bila majibu ya kile kinyama, lazima tukate kingine na kusubiri wiki kadhaa. Miguu yake haina wiki kadhaa. Nikiyapata yale majibu ya zamani, naanza leo."

"Faili linatafutwa wapi, daktari?"

"Masjala. Muulize Bi Ritha."

Masjala ni chumba cha kutunzia mafaili na kumbukumbu. Ile ilikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Mafaili yalijaa kwenye rafu tangu sakafuni hadi darini. Bi Ritha, mkuu wa masjala, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Mustapha alimwamkia, akampa kadi ya baba yake dirishani. Kadi ilikuwa na jina Nurdini Sefu na namba 4127.

Bi Ritha aliingia ndani. Alirudi na faili, akalifungua, akatikisa kichwa.

"Hii namba ni ya msichana. Mtoto wa miaka tisa, tena. Si baba yako." Alitafuta jina kwenye kompyuta. "Nurdini Sefu hayupo. Pole, kijana. Itabidi mwanze upya."

Ndilo neno lile lile aliloambiwa baba yake. Mustapha alishika nondo za dirisha.

"Mama, mna rejesta ya kliniki? Daftari linaloandikwa kila siku, nani kaja?"

"Lipo. Lakini yako mengi. Alikuja tarehe ngapi?"

"Sijui. Nipe dakika tano."

Alikwenda kwa baba yake, akachuchumaa mbele ya benchi. Kwa utafiti wake wa mwisho chuoni alikuwa amewahoji wazee wa Kondoa juu ya wakati mifugo ilipoondolewa milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wazee wale hawakutaja tarehe. Walitaja mambo. Alijifunza kuwauliza namna yao.

"Baba, siku ulipokatwa kinyama, kulikuwa na nini nyumbani?"

"Tulikuwa tumetoka kuchinja. Idi kubwa. Siku ya tatu baada ya Idi ndiyo nilikuwa hapa."

"Idi ya mwaka gani?"

"Mwaka wa makarani wa sensa. Walipokuja kutuhesabu nilikuwa bado na ule mpira. Niliona aibu kutoka nje."

Mustapha alitoa simu. Sensa ilikuwa mwaka 2022. Mwaka huo Idi kubwa ilikuwa Jumapili, tarehe kumi Julai. Siku ya tatu baada yake ni Jumatano, tarehe kumi na tatu. Alirudi dirishani.

"Mama, Jumatano tarehe kumi na tatu Julai, mwaka 2022. Kliniki ya upasuaji."

Bi Ritha alimtazama juu ya miwani. Alileta daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mustapha alinyoosha mkono.

"Hapana," Bi Ritha alisema. "Humu kuna siri za wagonjwa wengine. Nitasoma mimi." Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja baada ya mwingine. "Nurdini simwoni. Yupo Nuruduni Issa, wa Kondoa."

"Babu yangu alikuwa Issa Sefu! Namba yake ngapi?"

"Elfu nne mia moja sabini na mbili." Bi Ritha alichukua kadi tena, akaitazama. 4127. 4172. "Kadi iligeuzwa tarakimu," alisema polepole.

"Ngoja, mama. Tusikimbilie. Huenda ni mtu mwingine. Pameandikwa umri? Ndugu wa karibu?"

"Miaka hamsini na nane. Ndugu wa karibu, mke, Batuli."

"Ndiye."

Bi Ritha aliondoka. Mustapha alisikia ngazi ikiburutwa sakafuni. Aliporudi alikuwa ameshika faili la kijani lenye vumbi. Alilifungua, akafunua kurasa mbili, akasimama. Uso wake ulibadilika.

"Kuna nini, mama?"

"Mimi si daktari. Nalipeleka mwenyewe. Nifuate."

Majibu yalikuwa ndani ya faili. Yalifika mwezi wa tisa mwaka 2022. Dokta Octavian aliwaeleza wote watatu, wakiwa wamekaa. Hakuzungusha maneno. Ilikuwa saratani ya tezi dume. Wakati ule ilikuwa bado haijatoka mahali pake, na ilitibika. Sasa ilikuwa imefika kwenye mifupa. Angeanza sindano na dawa siku hiyo hiyo, ili kuipunguza kasi na kuokoa miguu. Kuimaliza haikuwezekana tena.

Mama Batuli alijifunika uso kwa mtandio. Mzee Nurdini alitazama ile karatasi mezani kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo karatasi ilijua," alisema. "Miaka mitatu karatasi inajua, na mimi mwenyewe sijui."

Mustapha alirudi masjala, nusura akimbie.

"Lilikuwa wapi?" alipaza sauti. "Mliliweka wapi faili la baba yangu?"

"Hapa hapa," Bi Ritha alijibu.

"Miaka mitatu!"

"Ndiyo. Miaka mitatu." Hakujitetea. "Aliyeandika kadi alikuwa mtu wa kujitolea, hakuwa amefundishwa kazi. Lakini mkuu wake nilikuwa mimi. Baba yako alirudi mara mbili, na hakuna aliyefungua rejesta. Nisamehe."

Mustapha hakumsamehe. Aligeuka akaondoka.

Sindano zilimsaidia mzee kwa muda. Maumivu yalipungua. Baada ya wiki mbili alisimama kwa mkongojo na kwenda msalani mwenyewe. Siku moja jioni, wodini, alimwita mwanawe karibu.

"Mustapha. Ile siku ulipata faili kwa namna gani?"

"Nilikuuliza wewe, baba. Nikalinganisha maneno yako na daftari. Nikahakikisha kwa jina la mama."

"Hayo ndiyo uliyosoma chuoni?"

"Ndiyo hayo."

Mzee alifumba macho. "Mimi niliwaambia watu kijijini kwamba umesoma hadithi za wafalme. Nilikuwa nakuonea haya." Alivuta pumzi. "Hiyo ni kazi. Watu wanakufa kwa kukosa mtu wa kazi hiyo."

Alirudishwa Kondoa. Mzee Nurdini alifariki wiki ambayo watu walikuwa wanapalilia mahindi. Walimzika alasiri, mvua ikinyesha. Majembe yaliyokuwa shambani ndiyo yaliyochimba kaburi.

Baada ya arobaini, Mustapha alirudi Dodoma. Aliandika barua ya malalamiko kwa hospitali. Alitaka nakala za kumbukumbu za baba yake ziambatane na barua hiyo. Ilimlazimu kwenda masjala.

Bi Ritha alimpa nakala zote, na fomu ya malalamiko, na jina la ofisa wa kupokea. Hakuficha hata karatasi moja. Kisha akasema, "Pole kwa msiba. Naomba ukae kidogo. Ukitaka kuondoka, ondoka."

Mustapha alikaa. Hata yeye hakujua kwa nini.

"Unafanya kazi gani?" Bi Ritha aliuliza.

"Nafyatua tofali. Nina shahada ya historia. Haina kazi."

"Mimi pia nilisoma historia."

Mustapha aliinua uso.

"Nilikaa nyumbani miaka minne nikisubiri ualimu," Bi Ritha aliendelea. "Hakuna aliyeniambia kuwa kuna njia nyingine. Wewe umeambiwa nini?"

"Kwamba historia ni ya kufundisha, na mimi siruhusiwi."

"Ualimu unaweza kuupata. Mwenye shahada isiyo ya elimu anasoma stashahada ya uzamili ya elimu. Kwa kawaida ni mwaka mmoja. Kabla hujajiunga, uliza kama masomo uliyosoma chuoni yanafundishwa sekondari. Wengine wanasoma, halafu wanakwama hapo."

"Na nisipotaka ualimu?"

"Wewe ni wa Kondoa. Kolo kuna michoro ya kale kwenye miamba. Wageni wanatoka mbali kuja kuiona. Nani anawaeleza? Mwongoza watalii anahitaji mafunzo na leseni, na lugha ya kigeni. Historia tayari unayo. Kuna makumbusho na mambo ya kale. Kuna uandishi wa habari, lakini huko uulize kwanza sheria inataka cheti gani. Hapa Dodoma kuna wizara, kuna Bunge, kuna mashirika. Wote wanataka watu wa kufanya utafiti, kuhoji kaya, kuandika ripoti inayoeleweka. Wengine wanaendelea na sheria. Na kuna hii yangu."

"Makaratasi," Mustapha alisema kwa uchungu.

"Makaratasi. Umeona yanaweza kufanya nini."

Nje mgonjwa alikuwa anakohoa kwenye foleni.

"Lakini matangazo ya kazi hayasemi historia," Mustapha alisema. "Nimeyasoma yote."

"Umesoma jina la kazi. Soma majukumu chini yake. Wanaandika kukusanya taarifa, kuchambua, kutunza, kuandaa ripoti. Hayo umeyafanya. Barua yako ya maombi inasemaje?"

"Inasema nina shahada ya historia, naomba kazi yoyote."

"Kazi yoyote haipo. Sema unachoweza. Uliwahoji wazee wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Andika hivyo. Nimehoji wazee kumi na wawili, nimelinganisha maneno yao na nyaraka, nimeandika ripoti ya kurasa kadhaa. Halafu ongeza ujuzi unaokosekana. Shahada peke yake mara nyingi haitoshi. Kwa masjala utahitaji mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu na kompyuta. Na uangalie tovuti ya ajira za serikali kila wiki, si mara moja kwa mwaka."

"Hapa siwezi kufanya kazi, mama."

"Sikuombi ufanye hapa." Bi Ritha alivua miwani, akaifuta. "Naomba usipotee. Ile siku ulitumia dakika tano. Sisi tulishindwa miaka mitatu."

Mustapha alimweleza Fabian yote usiku ule. Fabian aligeukia ukutani.

"Mwaka mwingine wa kusoma? Tumemaliza mitatu, sasa wanataka wa nne?"

"Mimi nitaanza. Wewe utaamua."

Mustapha alijiandikisha kozi ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Siku za wiki alisoma. Jumamosi na Jumapili alifyatua tofali. Mama Batuli aliuza mbuzi watatu kulipa ada, akabaki na mmoja. Mwezi wa pili wa kozi Fabian aliondoka kwenda kwao. Mustapha alidhani hatamwona tena. Lakini Septemba alipiga simu: amepata nafasi ya kusomea ualimu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka.

Jibu la malalamiko lilikuja baada ya miezi mitano. Hospitali ilikiri kosa na kuomba radhi. Ilisema kuanzia sasa, faili la mgonjwa lisipopatikana kwa namba, rejesta itafunguliwa. Mustapha alimsomea mama yake barua hiyo kwenye simu. Mama Batuli alisema, "Haya," kisha akalia.

Alipomaliza kozi aliomba kazi sehemu nne. Usaili wa kwanza alishindwa, mdomo ulikauka. Wa pili aliitwa na hospitali ndogo ya misheni, nje ya mji. Walimwuliza, "Kwa nini mtu wa historia anataka kufanya kazi hospitali?" Mustapha aliwaeleza habari ya faili moja. Hakusema lilikuwa la nani. Walimpa mkataba wa mwaka mmoja.

Si kazi kubwa. Chumba chake kina dirisha moja na joto jingi. Wiki ya kwanza alipanga upya rafu. Wiki ya pili aliomba ruhusa kwa mganga mkuu afanye jambo moja. Alitaka kulinganisha daftari la majibu ya maabara na daftari la wagonjwa waliokuja kuyachukua. Mganga mkuu alimkubalia.

Ilimchukua siku tano. Alikuta watu saba. Majibu yao yalikuwa yamefika, yanahitaji tiba, na hakuna aliyewaambia.

Mganga mkuu alikaa naye mezani na simu. Kazi ya Mustapha ilikuwa kuwapata. Kueleza ugonjwa ilikuwa kazi ya mganga.

Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea mwanaume, akasema mama yao walimzika mwaka jana. Mustapha alisema, "Poleni sana." Alikata simu, akaweka alama kwenye daftari. Mganga mkuu alimwuliza kama anataka kupumzika.

"Hapana," Mustapha alisema. "Bado watano."

Akapiga namba ya tatu. Iliita muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, na nyuma yake kuku wanalia.

"Haloo?"

"Habari za asubuhi, mama. Naongea na Debora Lameck?"

"Ndiye mimi. Wewe nani?"

"Naitwa Mustapha, wa hospitali ya misheni. Majibu yako ya kipimo yapo hapa. Mganga anaomba uje."

"Majibu? Nilikuja mara mbili, mkaniambia hamna kitu!"

"Najua, mama. Yalikuwepo. Tusamehe. Unaweza kuja lini?"

Mustapha alimsikia akimwambia mtu akae na watoto.

"Nakuja sasa hivi," Debora alisema.